Mkutano Uko Wazi kwa Umma

Kaskazini mwa Ziwa Halvor
Skogen, Minnesota
14 Januari

Mdogo wangu Verlyn,

Umenikatia simu. Nimekaa na mkono wa simu sikioni nasikiliza mlio, nikasema labda ni baridi imekata waya. Nikapiga tena, ukaniambia, "Dada, mambo ya shule andika barua kwa bodi." Haya, ninaandika. Una miaka sitini na moja, na mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu, lakini ninaandika.

Swali langu ni moja. Mwalimu Ragna Tveit amepewa taarifa kwamba mwaka ujao wa masomo hana kazi. Ragna ndiye mkalimani wa mjukuu wangu Signe. Tangu chekechea anakaa naye darasani na kumgeuzia kila neno kuwa lugha ya alama. Signe hasikii, na hilo wewe huhitaji kuambiwa, ulikuwa umesimama na mimi hospitali siku tuliyoambiwa. Bila Ragna mtoto atabaki kutazama midomo ya watu ikicheza. Sasa nani ameamua? Kwenye mkutano gani? Nimehudhuria mikutano yote ya bodi tangu majani yalipoanza kupukutika, nimekaa kwenye vile viti vya watoto mpaka kiuno kikafa ganzi, na jina la Ragna sijalisikia likitajwa hata mara moja.

Hii ni shule ya mkataba, Verlyn. Wilaya ilipotufungia shule ya zamani tuliianzisha sisi wenyewe, serikali ikakubali kutoa fedha na kutuachia tuiendeshe kwa bodi yetu, kwa sharti kwamba bodi ikae mbele za watu. Sharti hilo uliliandika wewe, kwenye meza yangu ya jikoni, huku unakula keki yangu.

Nangoja jibu.

Dada yako,
Ardis


Shule ya Mkataba ya Skogen
Ofisi ya Mwenyekiti wa Bodi
21 Januari

Bi. Ardis Kangas,

Bodi imepokea barua yako na inakushukuru kwa kuonyesha moyo wa kuijali shule.

Masuala ya wafanyakazi ni ya faragha. Aidha, kwa mujibu wa sheria ya mikutano ya wazi, mwenyekiti haruhusiwi kujadili mambo ya bodi nje ya mkutano. Kwa hiyo, kwa ajili ya kulinda uwazi, siwezi kukueleza chochote.

Tafadhali fahamu pia kwamba kila barua inayoandikwa kwa bodi ni mali ya umma. Barua zako zitasomwa na karani, na nakala zitabandikwa kwenye ubao ulio karibu na mlango wa kantini.

Wako,
Verlyn Oftedahl
Mwenyekiti

Dada, usichukulie vibaya, mwanasheria ndiye aliyeniambia niandike hivi. Vipi, njia yako imeshasafishwa theluji? Nitamtuma mtu.


Kaskazini mwa Ziwa Halvor
24 Januari

Kwa Mwenyekiti, na kwa umma wote wa Skogen usomao ubao wa kantini,

Eti kwa ajili ya kulinda uwazi huwezi kunieleza chochote. Sentensi hiyo nimeisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama, nikidhani labda kukaa ndiko kunakonizuia kuelewa.

Kwa kuwa barua hii ni mali ya umma, acha niupe umma mali yake. Mwenyekiti wenu alikuwa akikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Mtihani wake wa kwanza wa udereva alifeli kwa sababu aligonga sanduku la barua la mtahini mwenyewe. Na yule samaki mkubwa aliyemtundika sebuleni, anayemwonyesha kila mgeni kabla hata hajavua koti, alinunuliwa dukani mjini Duluth.

Sasa turudi kwenye hoja. Corinne na Mwalimu Jolene ni wajumbe wa bodi, na wote wawili wameniambia kwamba habari ya Ragna waliisikia siku ileile aliyoisikia Ragna. Bodi ina watu watano. Ukiwatoa hao wawili, wanabaki Lowell Buskirk, Duane Aho na wewe. Na nyie watatu mnakutana wapi? Mji mzima unajua. Mnakutana katikati ya ziwa lililoganda, kwenye kibanda cha Lowell cha kuvulia samaki, mmekalia ndoo, mmetoboa barafu, jiko linawaka na mlango umefungwa.

Watatu kati ya watano ni bodi, Verlyn. Wakiwa ukumbini ni bodi, na wakiwa juu ya ndoo ni bodi. Mficha uchi hazai. Semeni mlichosema humo ndani.

Ardis Kangas, mlipa kodi


Skogen, nyumbani
27 Januari

Dada Ardis,

Hii nimeiandika kama ndugu na nimeitia stempu yangu mwenyewe. Karani alikuwa ameshaibandika barua yako kabla sijafika ofisini. Watoto wa darasa la tatu wananitazama kwa huruma. Na yule samaki nilimvua mwenyewe. Duluth nilimpeleka kukaushwa tu, na wewe unalijua hilo.

Sasa nisikilize. Wanaume watatu wakikaa kwenye kibanda saa nzima bila samaki kugusa ndoano, unadhani wanaongea nini? Wanaongea hali ya hewa, halafu magoti yao, halafu shule. Hatukupanga. Lowell alisema kuna kampuni ya ukalimani kwa njia ya skrini. Mkalimani anakaa huko mjini, mtoto anamwona kwenye kompyuta, na bei yake si hata nusu ya mshahara wa mtu. Duane akakubali. Mimi nikakubali. Hakuna aliyemchukia Ragna.

Wewe huoni ninachokiona mimi. Wale waliotupa mkataba wameshatuonya mara mbili kuhusu matumizi. Onyo la tatu wanauchukua, shule inafungwa, na watoto wote, Signe akiwemo, wanapanda basi saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Ningesema hayo hadharani ningepata nini? Makelele. Unapenda kusema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi nimekuwa mwenyekiti miaka sita, na nakwambia penye wengi pana mengi.

Lakini kwa kuwa umenishtaki ubaoni, nimemuuliza mwanasheria. Anasema ni kweli, tukiwa watatu ni mkutano, na ni lazima tangazo libandikwe siku tatu kabla, likitaja mahali na saa. Basi tutabandika. Umeridhika?

Mdogo wako,
V.


Kaskazini mwa Ziwa Halvor
25 Februari

Verlyn,

Nimelipata tangazo lenu. Sikulikuta ubaoni kwenye kantini, wala posta, wala dukani. Amelikuta jirani yangu, aliyekuwa anapita ziwani na mbwa wake akaona karatasi inapepea kwenye mlango wa kibanda cha Lowell. Ameninakilia neno kwa neno:

"Mkutano maalumu wa bodi. Jumamosi tarehe 1 Machi, saa nne asubuhi. Mahali: kibanda cha L. Buskirk, kusini mwa kisiwa. Ajenda: kuthibitisha uamuzi kuhusu huduma ya ukalimani. Mkutano uko wazi kwa umma."

Nimecheka mpaka machozi, halafu nikalia kweli. Mmekaa watu wazima watatu mkafikiri, na mlichofikiri ndicho hiki. Mmeichukua sheria inayowataka muwe wazi mkaipigilia misumari katikati ya ziwa, mahali pasipo na mtu isipokuwa kunguru. Na mwanasheria wenu bila shaka atasema hamkukosea: mahali pametajwa na saa imetajwa.

Haya, umma umealikwa. Ninakuja, na sitakuja peke yangu. Kibanda kina ndoo ngapi?

Ardis


Skogen, nyumbani
2 Machi

Dada,

Sijui nianzie wapi. Sauti imenikauka kwa kupiga kelele, kwa hiyo niache niandike.

Ungeweza kuua watu. Ulileta pikapu za nusu ya mji juu ya barafu ya mwezi Machi, inayoanza kuyeyuka. Ile sauti uliyoisikia, ukawaambia watu ni ngurumo, haikuwa ngurumo. Barafu ilipasuka kutoka kisiwani mpaka ufukweni, na Duane akatoka mbio na fimbo yake ya kuvulia mkononi, na samaki pekee wa msimu mzima akiwa bado kwenye ndoano. Naibu sherifu wa polisi akaja na kipaza sauti, akaamuru umma uondoke ziwani mmoja mmoja, taratibu, bila kupiga honi. Wakati huo Corinne bado anagawa vipande vya keki kwenye madirisha ya magari. Na wewe umeketi mbele ya tundu la barafu kwenye kiti chako cha kukunja, na blanketi magotini, unadai usomewe kumbukumbu za mkutano uliopita.

Sherifu mwenyewe amepiga marufuku mikutano ziwani. Alishindwa kusema hivyo bila kucheka, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake.

Umepata ulichotaka. Mkutano utafanyika Alhamisi tarehe 13, saa moja jioni, ukumbi wa michezo wa shule, na tangazo limebandikwa kila mlango. Yote yatasemwa. Lakini usije kulalamika baadaye. Ukifungua mlango, upepo hauulizi umekaa upande gani.

V.


Kaskazini mwa Ziwa Halvor
4 Machi

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,

Nina maombi mawili, na haya unaweza kuyabandika.

La kwanza. Mkwe wa Lowell anafanya kazi kwenye kampuni ya hizo skrini. Nimelisikia saluni, nikampigia binti yake Lowell kumuuliza, naye akaniambia bila kificho, akidhani kila mtu anajua. Kanuni zenu zinasema mjumbe mwenye maslahi atamke na asipige kura. Naomba mjumbe atamke.

La pili. Signe atahudhuria. Ana miaka tisa, anaishi Skogen, na mambo yanayojadiliwa ni yake. Yeye naye ni umma. Naomba bodi imwekee mkalimani, kama sheria inavyotaka.

Ardis Kangas


Shule ya Mkataba ya Skogen
Ofisi ya Mwenyekiti wa Bodi
8 Machi

Bi. Ardis Kangas,

Maombi yako yote mawili yamekubaliwa.

Kuhusu mkalimani, tuliwasiliana kwanza na kampuni ya skrini. Wamejibu kwamba huduma yao hufungwa saa kumi na moja jioni. Tumetafuta wilaya nzima. Mkalimani mwenye leseni aliyepatikana ni Bi. Ragna Tveit. Amekubali. Ametukumbusha kwamba kwa kanuni za kazi yake haruhusiwi kuongeza wala kupunguza neno lolote linalosemwa.

Verlyn Oftedahl
Mwenyekiti

Dada, hapa naandika kwa mkono. Nakuomba uliondoe ombi hili. Fikiria unamfanyia nini Ragna. Atasimama mbele ya mji mzima atafsiri kufukuzwa kwake mwenyewe. Muache Signe nyumbani jioni hiyo moja, mimi mwenyewe nitakuja nimweleze.


Kaskazini mwa Ziwa Halvor
9 Machi

Verlyn,

Utamweleza kwa lugha gani? Miaka tisa, na alama unazozijua ni "keki" na "kwaheri".

Nilikwenda kumuuliza Ragna, nikiwa tayari kuliondoa. Alikuwa anapika, hakugeuka. Akasema, "Wewe Ardis, mimi nimewatafsiria madaktari wakimwambia mtu anakufa. Nitashindwa bodi?" Basi siliondoi.

Mkiwa kibandani mliweza kulisema kwa sababu hakuwepo. Sasa lisemeni akiwepo. Kama ni jambo la haki, litasemeka.

Ardis


Skogen, nyumbani
14 Machi

Dada Ardis,

Ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia. Nataka tu ujue ilivyokuwa ukiwa mezani.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikasema "gharama", nikaona mikono ya Ragna inasema gharama. Nikasema "nafasi ya Bi. Tveit", nikaiona mikono hiyo inajitaja yenyewe, bila haraka, uso wake mkavu kama wa mtu anayehesabu kuni. Nikinyamaza, mikono inasimama hewani inaningoja. Sijawahi kungojwa hivyo maishani mwangu. Kibandani Duane alikuwa amesema, "Mpe skrini, mtoto atazoea," na tulicheka wote watatu, nikiri. Jana Corinne alimtaka arudie alivyosema. Akarudia. Ragna akatafsiri na hilo pia.

Lowell akatamka habari ya mkwe wake na kusogeza kiti nyuma. Tukabaki wanne, kura zikawa mbili kwa mbili, na hoja ikaanguka. Ragna anabaki. Umeshinda, dada, na sikuonei wivu.

Najua umeuona mkono wangu. Niliunyanyua kwa sababu bado naamini niliyokuandikia Januari. Mwezi Mei watu wa mkataba watakuja, watauliza fedha ziko wapi, na atakayekaa mbele yao ni mimi. Nisingeweza kusema hivi kibandani na vile ukumbini. Unaweza kuniita mkaidi, lakini ndumilakuwili siwi.

Ila nina ombi. Wakati wa kura Signe alikuwa anamtazama Ragna, hakuwa ananitazama mimi. Nilihakikisha kabla ya kunyanyua. Hakuniona. Tafadhali usimwambie. Mwambie kura zimepigwa na mwalimu wake anabaki, inatosha. Yule mtoto ananiita babu, na sina mjukuu mwingine. Alipokuwa anatoka ukumbini hakuja kunikumbatia, lakini nadhani ni kwa sababu ya msongamano.

Barua hii ukishaisoma ichome.

Mdogo wako,
Verlyn


Kaskazini mwa Ziwa Halvor
17 Machi

Mdogo wangu,

Nimeichoma, kama ulivyoomba. Na hii nimeituma nyumbani kwako na si ofisini, maana hasira ninazo lakini uchawi sina.

Nikuambie ukweli, mkono wako uliniuma mahali ambapo mkono wa Duane usingefika. Nilitaka bodi ionekane, na sikuwahi kukaa nikajiuliza nitaona nini. Nilijua kichwani kwamba umo, lakini kuujua mkono na kuuona unapanda ni mambo mawili. Nimekasirika siku tatu. Nimesugua jikoni kote. Lakini kwamba uliunyanyua mbele yangu, hilo nakupa. Ningekuona ukiuficha chini ya meza, ningeacha kukuita ndugu.

Sasa habari ya Signe. Verlyn, umesahau nani alikuwa anatafsiri. Karani alisoma majina kwa sauti: nani ndiyo, nani hapana. Ragna hapunguzi neno. Alipofika kwako hakulitaja jina lako kwa vidole, herufi kwa herufi. Alitumia lile jina la alama ambalo Signe mwenyewe alikupa alipokuwa mdogo, vidole viwili vinavuta ndevu. Halafu akasema: ndiyo, aondoke. Signe alimwomba arudie. Akarudia.

Hakukuwa na msongamano pale mlangoni.

Njiani kurudi nyumbani hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia kitu. Leo asubuhi amenitaka nimpeleke kwa karani akajiandikishe kuzungumza kwenye mkutano wa Aprili, ile nafasi ya dakika tatu kwa mtu yeyote. Karani akamwambia hakuna aliyejiandikisha bado, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza. Ana swali kwa mwenyekiti. Sijui ni lipi, amekataa kunionyesha, anasema litasemwa mkutanoni. Ragna atakuwa sauti yake.

Nimezisoma kanuni zenu tena ili nijue utaruhusiwa nini. Zinasema bodi hailazimiki kumjibu mzungumzaji, lakini mwenyekiti hatakiwi kuondoka kwenye kiti mpaka dakika zake ziishe.

Dada yako,
Ardis